Nyuzi za chuma katika kuta za zege: kazi yake huanza ufa unapotokea

Tarehe 27 Februari 2010 tetemeko la ukubwa wa 8.8 liliikumba Chile, nchi ambayo maghorofa yake mengi hutegemea kuta za zege. Mengi yalibaki yamesimama. Yaliyoumia yalifanana: chini kabisa, kwenye ncha za kuta nyembamba, zege lilipondeka na nondo za wima zikapinda na kutokeza nje. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Februari, Christchurch huko New Zealand ilituonyesha udhaifu mwingine. Baadhi ya kuta zenye nondo chache zilipata ufa mmoja tu mpana karibu na sakafu ya chini, na nondo zilizopita hapo zikakatika.

Jengo linapoyumba, upande mmoja wa ukuta huvutwa na wa pili hugandamizwa. Sekunde moja baadaye mambo hugeuka. Zege hustahimili kugandamizwa, lakini likivutwa, nguvu yake ni takriban moja ya kumi tu. Kwa hiyo katika tetemeko kubwa ukuta utapasuka. Sisi wahandisi wa miundo hatuahidi ukuta usio na ufa. Tunachotafuta ni ukuta unaoendelea kubeba jengo baada ya kupasuka.

Hapo ndipo nyuzi zinapoingia. Ni vipande vya waya wa chuma, vingi vya urefu wa milimita 30 hadi 60, unene wake karibu milimita 1 au pungufu, ncha zimepindwa kama ndoana. Huchanganywa na zege lingali bichi, zikatawanyika kila upande. Ufa ukianza kufunguka, nyuzi zinazoukatiza hushika kingo zake mbili. Wengi hudhani uzi bora ni ule usiochomoka hata kidogo. Sivyo. Uzi ulioganda kabisa hukatika ghafla, na msaada wake ukaishia hapo. Tunautaka uchomoke polepole, ndoana yake ikinyooka huku ikikwaruza zege, kwa kuwa msuguano huo ndio unaomeza sehemu ya nguvu za tetemeko. Vilevile ganda la nje la zege halibanduki upesi, na nondo zilizo nyuma yake hubaki zimeshikwa zisipinde.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye boriti fupi zinazounganisha kuta mbili, kama zile za juu ya milango. Hizo huteswa vibaya na tetemeko, na kwa desturi huwekewa mafungu ya nondo za mshazari pamoja na ringi (pete za chuma zinazozifunga nondo) zilizosongamana. Aliyewahi kuzisuka anajua ugumu wake. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, yaliyofanywa na James Wight na Gustavo Parra-Montesinos, yalionyesha kwamba zege lenye nyuzi huruhusu msongamano huo kupunguzwa bila boriti kupoteza ustahimilivu wake.

Lakini nyuzi hazichukui nafasi ya nondo za wima. Tena, zikitumiwa ovyo, zinaweza kurudisha kasoro ile ya Christchurch. Ukuta wenye nondo chache ukiwekewa nyuzi nyingi, zege lote huimarika isipokuwa pale nyuzi zilipopungua. Ufa hufunguka hapo hapo, na nondo hunyooshwa katika kipande kifupi mno hadi zinakatika mapema. Ndiyo maana nyuzi na nondo lazima zipigiwe hesabu pamoja, tangu kwenye mchoro.

Kazi ya eneo la ujenzi nayo ina uzito wake. Nyuzi za asilimia 1 ya ujazo ni kama kilo 78 kwa kila mita moja ya ujazo. Zikimwagwa zote kwa mkupuo hujifunga mabonge. Zikizidi, zege huwa gumu kupenya kati ya nondo na huacha matundu yasiyoonekana kwa nje.

Kuponda mchemraba wa zege maabara hakutoshi kupima uwezo huu wa kubeba mzigo baada ya ufa, maana nyuzi haziongezi sana nguvu ya kugandamizwa. Dai sampuli za boriti ndogo kutoka kwenye zege lile lile linalomwagwa, zikunjwe hadi zipasuke, kisha mtambo uendelee kusukuma. Mwombe mhandisi wako akuonyeshe grafu ya mzigo uliobebwa baada ya ufa kutokea.