Usimamizi endelevu wa misitu: neno "endelevu" linasema nini

Mwaka huu nimesoma tasnifu nne za wanafunzi wa shahada ya kwanza ya misitu, na katika tatu kati ya hizo nimekutana na sentensi ileile, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu: msitu uliofanyiwa utafiti ni "msitu endelevu" kwa sababu haujakatwa kwa miaka mingi. Sentensi hiyo nimeisikia pia kwenye warsha, redioni na katika hotuba za siku ya kupanda miti, nami kwa muda mrefu niliiacha ipite. Sasa naona kwamba kuiacha ipite ni kumnyima mwanafunzi haki yake, kwa kuwa anayeandika hivyo hakukosea msamiati peke yake. Hajaona bado ni kitu gani hasa alichotumwa msituni kukipima.

Maana yenyewe ni fupi. Usimamizi endelevu wa misitu ni kuitunza na kuitumia misitu kwa namna ambayo faida zake za kiuchumi, kijamii na kimazingira zinadumishwa na kuongezwa, kwa manufaa ya walio hai leo na ya watakaokuja. Hivyo ndivyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilivyoieleza dhana hiyo mwezi Desemba 2007, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili anaweza kuikariri. Anapokwama ni kwenye neno "endelevu", na kukwama huko kumesababishwa kwa sehemu na namna tulivyoliunda.

Tuanze na kitenzi. "Enda" hunyambulika kuwa "endea", kisha "endelea". Kutoka hapo tukapata "maendeleo" na, kwa kiambishi -vu, "endelevu". Kiambishi hicho ndicho kilichotupa -vumilivu kutoka vumilia, -sikivu kutoka sikia, -tulivu kutoka tulia na -nyenyekevu kutoka nyenyekea. Kila kimoja kati ya vivumishi hivi hutaja tabia: mtu msikivu ni yule ambaye kusikia ni desturi yake. Kwa mantiki hiyo, kitu endelevu ni kile chenye tabia ya kuendelea, na msitu ambao babu aliukuta na mjukuu anaukuta bila shaka unaendelea kuwapo. Mwanafunzi amelifuata neno mahali linapoelekeza, na ndiyo maana siwezi kumlaumu sana.

Kuna jambo la sarufi ambalo huzungumzwa mara chache, nami naliona lina uzito. Vivumishi vyetu vya asili ambavyo mzizi wake unaanza na irabu huchukua upatanisho: mtu mwerevu, kitambaa chekundu, mawe meupe. Tungeifuata kanuni hiyo tungesema "kilimo chendelevu" na "maendeleo mendelevu". Hakuna asemaye hivyo. Neno limekaa bila kiambishi cha ngeli, kama "safi" au "hodari", ingawa hayo yalitujia kutoka Kiarabu na ndiyo ada yake, ilhali "endelevu" ni la Kibantu kutoka mzizi hadi ncha. Nadhani sababu ni kwamba lilienea likiwa tafsiri ya istilahi ya ripoti za kimataifa, hasa baada ya ripoti ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, ya mwaka 1987 kulifanya wazo la maendeleo endelevu kuwa maarufu duniani, na halikupata muda wa kusuguliwa na vinywa vya wakulima na wapasua mbao. Neno lililoingia hivyo hugeuka nembo, na nembo hubandikwa popote.

Kijerumani kilipita njia nyingine, na inafaa kuijua, kwa sababu neno la Kijerumani lilitoka msituni moja kwa moja. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya Saxony mjini Freiberg, alichapisha kitabu kuhusu kilimo cha miti na ndani yake akazungumzia "nachhaltende Nutzung". Migodi ya fedha ya eneo lile ilihitaji magogo ya kuegemeza mashimo, na kuni na mkaa wa kuyeyushia madini, na misitu ya karibu ilikuwa inakwisha. Sasa, halten ni kushika, na nach ni baada. Ukiyaunganisha unapata matumizi yanayoshikilia hata baadaye. Neno la Kiingereza, sustainable, nalo lilitokana na Kilatini tenere, ambacho pia ni kushika. Katika lugha hizo, basi, moyo wa neno ni mkono, na mkono unaoshika unaweza pia kuzuia. Kwetu moyo wa neno ni mguu: kwenda, kuendelea, kusonga. Wazo la kujizuia, ambalo ndilo wazo la msingi, halimo ndani ya sauti ya neno letu, na hivyo mwalimu analazimika kuliingiza kwa maelezo.

Jambo la pili analofundisha Carlowitz ni kwamba hakuwa anatafuta namna ya kuacha kukata. Alitaka kuni za mwaka huu, za mwaka ujao na za miaka hamsini ijayo. Dhana hii ilizaliwa miongoni mwa watu wenye mashoka mikononi, nayo inamhusu mwenye shoka. Msitu ambao tumeamua kwa makusudi kutouvuna una jina lake tayari, nalo ni msitu uliohifadhiwa. Mazumbai, kwenye milima ya Usambara Magharibi, msitu ulio chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ajili ya mafunzo na utafiti, ni mfano wa namna hiyo, na kuuita "endelevu" hakumwambii msomaji lolote jipya. Kijiji cha Kikole wilayani Kilwa, ambacho msitu wake ulipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, ndicho kinachostahili kuulizwa swali la uendelevu, kwa sababu pale mpingo unakatwa na kuuzwa.

Na swali hilo halijibiwi kwa kuangalia kama miti bado imesimama. Hapa ndipo ninapowaeleza wanafunzi kwa nini tunawafundisha ikolojia ya misitu kabla ya mipango ya uvunaji, ingawa wengi wao huona somo la kwanza ni la kumbukumbu tu na la pili ndilo la kazi. Chukua mninga katika miombo. Mbegu ikiota, mche huchipua wakati wa mvua, na kiangazi sehemu ya juu hufa. Mwaka unaofuata huchipua tena na kufa tena, na hali hii huweza kurudiwa kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini kwa chini, hadi mwaka ambao shina hupata nguvu ya kupanda haraka na kuupita moto wa nyasi. Mtu anayepima mashina makubwa peke yake anaweza kukuta mita za ujazo za kuridhisha kwenye kila hekta na kutangaza kwamba uvunaji ni endelevu, kumbe moto wa kila mwaka umezuia miche kuvuka hatua hiyo, na nyuma ya miti mikubwa hakuna miti ya kati. Msitu huo kwa macho umejaa. Kwa hesabu, hauna warithi.

Kwa ngazi ya nchi hesabu hiyo ilifanywa. Tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilionyesha kwamba kiasi kinachoweza kuvunwa kihalali bila kula mtaji ni takriban mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka, ilhali matumizi yalikuwa takriban milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 halionekani kwa mtu anayepita barabarani na kutazama miombo ya kijani pande zote mbili. Neno "endelevu" liko ndani ya ulinganisho wa tarakimu hizo mbili: kinachoota na kinachotolewa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu watatu, na wengine wanaoandika wakati huu, warudi kwenye ile sentensi. Kama msitu haujakatwa kwa miaka thelathini, andikeni kwamba haujakatwa kwa miaka thelathini. Ni taarifa ya kweli na inajitosheleza. Neno "endelevu" lipelekeni kwa kile ambacho watu wanakifanya ndani ya msitu: uvunaji, uchomaji wa mkaa, ulishaji wa mifugo, urinaji wa asali. Kisha tajeni ni wa kitu gani, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Mkikuta hamna takwimu za miche na miti ya kati, semeni hivyo na mliache neno lenyewe nje ya sentensi. Sitapunguza alama kwa sababu hiyo.