Anza na kiinua mgongo

Watu wakija kwangu kutafuta ukoo wao, karibu wote huanza na swali moja: cheti cha kuzaliwa cha babu nitakipata wapi? Nawajibu kwamba yawezekana babu hakuwa nacho, na hata angekuwa nacho kisingetuambia mengi. Mimi huuliza: babu alimdai nani? Alilipwa na nani, na alipofariki nani alikwenda kudai? Serikali huwa haina haraka ya kujua nani kazaliwa, lakini idai shilingi uone. Itataka jina la mke, mwaka wa ndoa, watoto mmoja mmoja, mashahidi na dole gumba.

Mwaka jana familia moja ya Tabora iliniletea bahasha ya kaki iliyokuwa imelala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Babu yao alikuwa mtu wa genge la reli, kikosi cha vibarua wa kutengeneza njia ya treni. Aliajiriwa 1946, enzi za reli ya Tanganyika, na mwaka 1948 reli hiyo ilipounganishwa na ile ya Kenya na Uganda akajikuta mtumishi wa East African Railways and Harbours, makao makuu Nairobi. Alistaafu 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa inamiliki reli hiyo, ikavunjika 1977 na mafao ya watumishi wake yakawa kesi ya miaka na miaka, hadi serikali na wastaafu walipofikia makubaliano mahakamani mwaka 2005. Babu alikuwa ameshafariki tangu 1981. Ndiyo maana bahasha ilikuwepo: wazee wa reli walitunza kila karatasi, maana hawakujua ipi itaulizwa kesho.

Nilipoifungua, jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu. Nakala za jalada zilikuwa na tundu la uzi kwenye kona ya kushoto na namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwenye kona ya juu kulia. Zikatoka 13 zikarukia 15. Mwanafunzi wangu akasema ni karatasi moja tu. Nikamwambia aliyefanya kazi masjala hasemi hivyo.

Karatasi iliyonifurahisha zaidi ilikuwa kavu kuliko zote: orodha ya vituo vya kazi. Tabora, Itigi, Tabora tena, Kaliua, Tabora. Kila kituo kina tarehe ya kufika na ya kuondoka. Nyumbani walikuwa na shangazi ambaye siku zote waliambiwa kazaliwa "safarini", bila mtu kujua safari ipi. Tukaweka umri wake kando ya orodha na safari ikawa Itigi, miezi kumi na minne kwenye nyumba za reli. Kama una babu wa reli, wa posta au wa polisi, tafuta uhamisho wake kabla ya kitu kingine chochote. Watoto hufuata uhamisho.

Halafu umri. Fomu ya kustaafu inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1919. Ukiona tarehe 1 Januari au 1 Julai, ujue karani alikadiria. Tena hesabu ya 1919 inamfanya awe na miaka 55 kamili mwaka wa kustaafu, na umri wa kazini una tabia ya kuangukia pale mhusika anapoutaka. Karatasi za mirathi zinasema alikufa na miaka 70, yaani alizaliwa 1911. Bibi yeye hana tarehe. Alichosikia kwa mama mkwe wake ni kwamba mumewe alikuwa mgongoni, ananyonya, siku Wabelgiji walipoingia Tabora. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya hayo matatu mimi nimeliamini la bibi. Mama hasahau alikimbia na mtoto gani mgongoni.

Bahasha ilikuwa na mirathi pia, na hapa naomba utulie. Ili kulipwa, warithi walitakiwa wawe na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo walikwenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo mtu huuona karatasi ya kupata muhuri tu, lakini kwangu una thamani kuliko picha za harusi. Waliohudhuria wameandikwa kwa majina na uhusiano wao na marehemu. Soma na wasiohudhuria. Soma saini ya nani iko chini kabisa, imebanwa pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine. Kwenye huu wetu lilikuwepo jina la mwanamke wa Kaliua, "mke wa marehemu", na watoto wawili. Wajukuu wa Tabora walikuwa hawajamsikia. Nikarudi kwenye folio 11, barua ya 1982 ambayo niliipita haraka mara ya kwanza: mtu wa Kaliua anauliza mafao ya mumewe yamefikia wapi. Dole gumba lilelile jeusi, na jina limeandikwa tofauti kwa herufi mbili. Ndiyo maana nawaambia watu wasitafute Selemani peke yake. Watafute Sulemani, Suleimani, Selemani na Seliman, ndipo waseme hayupo.

Waliniomba pia nimtafute baba wa babu. Masimulizi yanasema alichukuliwa upagazi kwenye vita hiyohiyo ya 1914 hadi 1918 na hakurudi. Nilitafuta, sikupata, na sikushangaa. Wapagazi walikuwa wengi kiasi kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, lakini wengi wa waliokufa hawakuandikiwa makaburi kwa majina. Tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita yenyewe ilikiri hilo kwenye ripoti ya 2021. Mjane wa mpagazi mara nyingi hakuwa na dirisha la kupeleka dai, na pasipo dai hakuna jalada. Askari wa Mjerumani walau walipewa vyeti. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa waliokuwa hai, wengi waliofika Mwanza walikuwa wameshavipoteza, na inasimuliwa kwamba walipewa fagio wakaamriwa kwa Kijerumani washike silaha, na mikono ikakumbuka. Mpagazi hakufundishwa amri ya kukumbuka.

Nilipopeleka mchoro wa ukoo, mtoto mkubwa wa kiume aliomba mke wa Kaliua aondolewe. Mambo ya nyumbani, alisema, na pesa zilishagawanywa. Nikamwambia mchoro wenye pengo nisingeuwekea jina langu, nikaanza kukunja karatasi. Bibi alikuwa amekaa mkekani, tukadhani hasikii.

"Mwandikeni," akasema. "Alikuwa ananiletea asali."

Jina lipo kwa wino. Folio 14 bado naitafuta.