Mkwaju (/) wa Kiiraqw ni herufi

Anayejifunza Kiiraqw huanza kuhesabu bila taabu: wak, tsar, tam. Akifika nne, tsiyahh, anakwama. Hiyo hh ya mwisho si h mbili. Ni sauti moja inayotoka kwenye koromeo lililobanwa, ile ile ح ya Kiarabu ambayo mtoto wa madrasa hurudishwa na mwalimu wake mpaka aipate. Tano ni koo'an, na pale kwenye kialama pumzi hukatwa kabisa. Sita, lahhoo', ina sauti zote mbili. Saba ni faanqw: q yake hutamkwa nyuma zaidi ya k, karibu na kilimi, huku midomo ikiviringwa.

Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali, inayosemwa Mbulu, Karatu, Babati na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, ndugu wa Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Huandikwa kwa herufi za Kilatini, na kwa kuwa herufi hizo hazitoshi, sauti nyingine zimepewa herufi mbili mbili. Jina la Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu, Watanzania wengi hulisoma s kisha l. Kwa Kiiraqw, sl ni sauti moja. Weka ulimi kama unataka kusema l, usitoe mlio, kisha pitisha hewa kwa nguvu pembeni mwa ulimi. Umeipata. Tl ya Tlawi, kule Mbulu, huanzia pale pale, ila hewa huzibwa kwanza, halafu hupasuka.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile inayoandikwa kwa mkwaju: /. Ni ع ya Kiarabu. Sisi Waswahili tulipochukua neno saa tuliiacha njiani. Zile a mbili zinaonyesha ilipokuwa imekaa. Wairaqw wanayo mpaka leo, tena katika maneno ya kila siku. Nyeusi ni boo/, nyeupe ni /awaak, nyekundu ni daa/aat. Rangi tatu, na kila moja ina mkwaju wake.

Kuna wanaouacha mkwaju huo wanapoandika, wakidhani ni pambo. Si pambo. Ni konsonanti kamili kama b au d, na anayeiacha amepunguza neno. Nakubali kwamba inasumbua: haina umbo kubwa la kuanzia sentensi, na kompyuta huiona kama alama ya kutenganisha. Nilipoanza kuhifadhi rekodi za matamshi, kila faili niliyoipa jina la neno lenye mkwaju ilikataliwa. Niliwahi kujaribu kuweka 3 badala yake, kama Waarabu wanavyofanya kwenye simu, lakini wazee niliowaonyesha orodha ya majina hayo waliniuliza tarakimu inatafuta nini katikati ya neno.

Sasa majina ya faili ni namba tupu. Ndani yake, boo/ imeandikwa boo/.