Spea ya tela sio tairi la akiba

Hii nimeisikia mara nyingi mno sasa, kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi, na msimu wa korosho ukianza ndo inazidi. Mtu ana pikapu, nyuma kafunga tela, magunia yamejaa anapeleka ghalani AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ukimuuliza umebeba spea ya tela anakuonyesha tairi. Spea ninayo kaka, hii hapa. Na tairi kweli ni zima, lina upepo, limefungwa vizuri na mpira. Tatizo ni kwamba tairi linakusaidia kwa pancha tu, na tela la mizigo linaweza kukulaza porini bila pancha yoyote, ni beringi imekufa (zile pete za chuma zinazolifanya gurudumu lizunguke kwenye ekseli), sasa hilo tairi jipya utalifunga kwenye nini?

Spea ya tela, kwa maana ya kitu cha kukutoa barabarani, ni seti ya vitu vinavyokaa katikati ya tairi na ekseli: habu (kile chuma cha katikati tairi linapofungwa kwa nati), beringi zake mbili (kubwa ya ndani na ndogo ya nje), sili ya nyuma (mpira wa kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie), nati ya kati na pini yake, kikofia cha kuzuia vumbi, na kopo la grisi. Maana yenyewe ndo hiyo, haina mengi.

Kinachochanganya watu ni mazoea ya gari. Dukani spea ni kifaa chochote, ila ukishakaa kwenye usukani spea inageuka kuwa tairi la tano, na kwa gari sio mbaya sana kwa sababu gari lina jina, ukifika duka lolote Lindi au Mtwara unataja aina ya gari na mwaka wake, kijana anajua aanzie wapi. Tela halina jina. Matela mengi huku kwetu yamechomelewa na fundi mtaani, ekseli imetoka kwenye gari lililokufa, habu labda ya gari lingine, halafu likauzwa likauzwa tena, mwenye nalo leo hajui ndani kuna nini. Unatuma utingo na bodaboda mpaka mjini akanunue "beringi ya tela", anaulizwa ya gari gani, hana jibu, anarudi na kitu cha kukadiria kwa macho. Hapo jua linazama na magunia yako chini.

Kinachojibu swali la dukani ni namba. Beringi ina namba imegongwa kwenye chuma chake pembeni, mfano 30205, 30206, LM11949, L44649. Hiyo 30205 tundu lake ni milimita 25, 30206 ni milimita 30, kwa macho ya haraka unaweza kusema ni zilezile ila kwenye ekseli moja inakaa nyingine haikai. Namba ukiwa nazo hata huhitaji kueleza tela ni la nani.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma zaidi, hata mafundi wengine wanalifanya. Mtu anajitahidi, ananunua beringi anaiweka kwenye dashibodi, anasema sasa nimekamilika. Lakini beringi hizi za tela ni vipande viwili, kuna kile chenye vigololi vya mviringo mrefu kinachovaa ekseli, na kuna pete ya nje ambayo imegongwa ikabana ndani ya habu. Vinasagana pamoja, vinazeeka pamoja. Ukiweka kipande kipya kwenye pete iliyokwisha liwa, mpya nayo inaanza kuliwa pale pale, unaweza usifike hata Nangurukuru. Na pete nayo ina namba yake: L44649 inakwenda na L44610, LM11949 na LM11910. Ipo L68149, hiyo inaingia kwenye pete L68110 na pia L68111, na upana wa nje wa hizo pete mbili unapishana chini ya milimita moja, basi ukichukua isiyo yako ama haiingii kwenye habu ama inaingia inacheza.

Kuitoa pete ya zamani na kugonga mpya inyooke ni kazi ya meza na nyundo na utulivu, sio kazi ya kufanya kwenye mchanga huku malori yanapita. Ndo maana nasema beba habu nzima, pete zimeshagongwa ndani, beringi zimeshapakwa grisi mpaka katikati ya vigololi, sili iko mahali pake, umeifunga kwenye mfuko wa nailoni vumbi lisiingie. Ukifika porini unavua habu mbovu unavisha nzima, unakaza nati huku unaizungusha kwa mkono, unailegeza kidogo, unairudisha kwa vidole tu, unapiga pini. Nati ikikazwa kwa nguvu beringi inachemka. Beba na tindo pia, kwa sababu beringi ikishaungua inang'ang'ania ekseli haitoki kwa kubembeleza, na jaribu mapema kama jeki ya pikapu inafika chini ya tela na kama spana ya nati za pikapu inaingia kwenye nati za tela, nyingi haziingii.

Wenye matela ya boti pale Mikindani mnisikilize zaidi. Tela limetoka safari habu zina moto, mnalirudisha kinyumenyume moja kwa moja baharini, hewa ya ndani inapoa ghafla inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Liacheni lipoe kwanza.

Basi ndugu yangu, tairi endelea kulibeba, ni la lazima, liite tairi la akiba. Ila kabla magunia hayajapangwa, tela likiwa tupu limepaki nyumbani, fungua kikofia cha habu, mwambie fundi azitoe beringi zote mbili azifute, uzisome namba pamoja na za pete, uziandike kwa rangi kwenye bodi la tela pale mbele. Siku unanunua habu ya akiba unakwenda na hizo namba.