Upepo wa Sarima na swali la mwenyeji ni nani

Watu wakisikia Marsabit, kaunti ya kaskazini mwa Kenya, wanarukia ile stori ya makabila yanayogombana tangu enzi na enzi, na kwa kweli inanikera, maana sisi tunaofanya anthropolojia ya wafugaji wa huko tunajua mambo hayakuwa hivyo. Waangalie Ariaal, wafugaji walio kati ya makabila mawili, Rendille ndio hao Samburu ndio hao, wanaongea lugha zote mbili, wanafuga ngamia na ng'ombe, wanaoa pande zote. El Molo nao, wavuvi wa Ziwa Turkana, waliacha lugha yao ya zamani wakashika Kisamburu na bado ni El Molo. Kiangazi kikikaza unaenda kuomba malisho na zamu ya kisima kwa jirani, wazee wanakaa chini mnaelewana, mvua ikinyesha unarudi kwenu. Wizi wa mifugo upo na damu imemwagika, sikatai, ila hata maadui wa jana walikuwa wanaoleana.

Halafu ikaja miradi mikubwa. Mradi wa umeme wa upepo pale Sarima, huko huko Marsabit, ulipewa ekari 150,000, ukasimamisha mitambo 365, ukazinduliwa 2019, na wakati wa ujenzi kijiji cha Sarima kikahamishwa. Mitambo yenyewe inakalia kipande kidogo tu cha hizo ekari, kwa hiyo kinachogombaniwa zaidi ni ajira, udereva, ulinzi, tenda za magari, na hivyo vikigawiwa kwa hesabu ya jamii kila mtu inabidi achague upande mmoja, awe Turkana au Samburu au Rendille, na aanze kuthibitisha babu yake ndiye alitangulia kufika.

Na katiba ya 2010 wala haitaki hayo mashindano! Kifungu cha 260 kinaweka wafugaji na jamii za uwindaji kwenye kundi la jamii zilizotengwa, bila kuuliza nani alifika kwanza.

Wakazi walienda kortini 2014, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi kule Meru ikasema hati za ile ardhi zilitolewa bila kufuata sheria. Mimi naona pa kuanzia ni hapo, ardhi isajiliwe chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, njia za mifugo na visima vya pamoja viandikwe humo humo, sababu ukikata vipande kwa kabila moja moja, huyo Ariaal utamweka wapi?