Kisima hakichimbwi Dodoma: namna ninavyompima mgombea ubunge wa jimbo langu

Katika kampeni moja iliyopita nilikuwa nimekaa barazani Wete baada ya sala ya Alasiri, kahawa ikizunguka, alipopita mgombea ubunge wa jimbo letu pamoja na wafuasi wake sita au saba. Alisalimia vizuri, akapokea kikombe, kisha akaahidi mambo matatu: maji yatakayotoka kila siku, bei ya karafuu itakayomridhisha mkulima, na ukuta wa skuli ya msingi uliokuwa umeanguka wakati wa masika. Mzee mmoja, mchumaji wa zamani ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda mkarafuu, alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini na kumuuliza: “Mwanangu, kisima hicho utakichimba Dodoma?” Watu walicheka, mgombea naye akacheka, na msafara ukaondoka bila ya jibu.

Mimi ni mwanasheria, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu imekuwa kuchambua miswada na kuwaeleza watu maana yake. Kila uchaguzi unapokaribia jamaa na majirani huniuliza wamchague nani, na kila mara najikuta nikirudi kwenye swali la mzee yule, kwa sababu hatuwezi kumpima mtu kabla ya kujua tunampeleka kufanya kazi gani.

Mpiga kura wa Unguja au Pemba hupiga kura tano. Mbili ni za Muungano, yaani Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge, na tatu ni za Zanzibar, yaani Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Kwa sababu tunakwenda kituoni mara moja, tunazizungumza kura hizi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni chaguzi mbili zenye tume mbili. Yeyote anayelitilia shaka hilo aukumbuke mwaka 2015. Tarehe 28 Oktoba matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yalifutwa, na uchaguzi ukarejewa tarehe 20 Machi 2016. Lakini wabunge waliochaguliwa na watu wale wale, siku ile ile ya kupiga kura, walibaki na viti vyao na kwenda zao Dodoma. Nini kila mtu alikiona katika tukio lile ni mjadala mwingine, ambao sitaufungua hapa. Kwa mwanasheria, lilionesha wazi kwamba kura ya ubunge ina njia yake na hatima yake.

Njia hiyo inaanzia kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, na leo ni 22. Humo utakuta mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, elimu ya juu, baraza la mitihani, bandari na usafiri wa anga. Hutakuta maji, afya, kilimo, ardhi wala skuli za msingi, kwani hayo yanasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kuhojiwa na Wawakilishi katika chombo chetu cha kutunga sheria, Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Maji ni kazi ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Karafuu zinanunuliwa na ZSTC, ambayo ni shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na mbunge hana mahali pa kusimama Dodoma akamuuliza waziri wa Muungano kwa nini mkulima wa Pemba analipwa kiasi fulani kwa kilo. Basi ahadi zote tatu za mgombea wetu zilikuwa za afisi nyingine. Sidhani kwamba alikusudia kutuhadaa. Nadhani alikuwa hajaisoma kazi aliyoiomba, jambo ambalo kwangu ni zito zaidi.

Ni kweli kwamba mbunge naye anasimamia mfuko wa maendeleo ya jimbo, na kutokana na mfuko huo ukuta wa skuli unaweza kujengwa. Fedha hizo ni za umma lakini, na mbunge anayezigawa hatoi mfukoni mwake. Ninapomsikia mtu akisema “mimi nimejenga”, huuliza kwa fedha za nani.

Kazi aliyopaswa kutueleza ipo, na kwa mtu wa Pemba si ndogo. Anayenunua televisheni Unguja na kuipeleka Dar es Salaam hudaiwa tofauti ya kodi bandarini, na malalamiko hayo yamekaa katika orodha ya kero za Muungano kwa miaka mingi. Mtoto wa Micheweni anayemaliza kidato cha nne hupimwa na baraza la mitihani la Muungano. Mvuvi wa pwani anasimamiwa na sheria za Zanzibar, lakini meli kubwa zinazovua bahari kuu zinapewa leseni na mamlaka ya pamoja, yenye makao yake Fumba, na namna sheria ya mamlaka hiyo inavyoandikwa ni jambo la Bunge. Mafuta na gesi yamo katika orodha ya Muungano hadi leo, ingawa sheria ya petroli ya mwaka 2015 imeiachia Zanzibar isimamie ya kwake. Mgombea asiyeweza kuzungumza dakika tano juu ya hata moja kati ya haya, mimi huwa naona ni mapema mno kumpa kura.

Kuna na jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia jukwaani, nalo ni Ibara ya 98 ya Katiba hiyo. Mambo yaliyotajwa katika Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, likiwemo la kuwepo kwa Muungano wenyewe, orodha ya mambo ya Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, hayabadilishwi mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Katika mswada wa kawaida mbunge wa jimbo letu ni mmoja katika ukumbi wa watu mamia kadhaa, na mara nyingi anapigia kura mambo ya Bara yasiyotuhusu. Katika mswada wa aina hii ni mmoja katika kundi dogo, linaloundwa kwa sehemu kubwa na wabunge wa majimbo 50 ya Zanzibar. Siku hiyo, akiwa amelala, au hajausoma mswada, au anaogopa, gharama yake hailipiki kwa kisima.

Hapa ndipo linapokuja suala la chama, na najua kwamba kwetu Pemba chama ni zaidi ya kadi. Ni ukoo, ni maskani, ni kumbukumbu za nani aliteswa na nani alinufaika. Mwaka 1995 viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda chama kimoja, na matokeo kama hayo hayatokani na kupima wasifu wa mgombea mmoja mmoja. Simlaumu anayepiga kura hivyo. Ninachosema ni kwamba uzito wa chama haulingani katika karatasi zote tano, na sababu yake imo ndani ya katiba zenyewe.

Katiba ya Zanzibar, baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyopitishwa kwa asilimia 66.4, inamtaka Rais wa Zanzibar ateue mawaziri kwa kuzingatia uwiano wa viti vya majimbo vya vyama ndani ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo kura ya Mwakilishi inagusa moja kwa moja muundo wa serikali, na ninapoipiga hukitazama chama kwa makini kuliko mtu. Kura ya ubunge haina nguvu hiyo. Rais wa Jamhuri ya Muungano anachaguliwa kwa karatasi yake, tofauti na Uingereza, ambako waziri mkuu hupatikana kutokana na wingi wa wabunge wa chama chake. Kweli, kura za wabunge nchi nzima hujumlishwa ili kugawa viti maalumu vya wanawake kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali, lakini katika jumla hiyo ya mamilioni kura yangu ya Wete ni tone. Kwa sababu hiyo kura ya ubunge ndiyo ninayojiruhusu kumtazama mtu kwanza na chama baadaye, na rafiki zangu wa pande zote mbili wameshanigombeza kwa msimamo huo.

Pingamizi lao moja lina nguvu. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, na bado sheria haijabadilishwa. Aidha, mbunge anayepoteza uanachama hupoteza na kiti. Mtu mwema asiye na ubavu ndani ya chama chake atakuwa mwema kimya kimya. Kwa hiyo simuulizi mgombea kama anakipenda chama chake. Humuuliza ni lini mara ya mwisho alipopinga jambo ndani ya kikao cha chama, na nini kilimpata.

Kwa aliyewahi kuwa mbunge kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu maneno yake yameandikwa. Taarifa rasmi za majadiliano, yaani Hansard, zinapatikana katika tovuti ya Bunge, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsomea babu yake. Niliwahi kukaa siku tatu nikisoma ya wabunge wawili. Mmoja alisimama mara nyingi, lakini nusu ya kila mchango ilikuwa shukurani na pongezi, na iliyobaki ilikuwa ya barabara za vijijini, zilizo chini ya serikali nyingine. Wa pili alisimama mara chache; hata hivyo aliuliza juu ya ushuru wa bandarini, akarudi na swali la nyongeza, na kikao kilichofuata akauliza tena kwa nini jibu la mwanzo halijatekelezwa. Mtu wa kuhesabu mara za kusimama angempa ushindi yule wa kwanza. Mimi nilihesabu mara za kurudi.

Juu ya zawadi sitasema mengi. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu iliyabatilisha mwaka 2006. Doti ya kanga bado inapita usiku, na nawajua wanaoipokea na kupiga kura wanavyotaka.

Wapo pia wanaoniambia kwamba kura moja haina maana, hasa jimbo likiwa na mshindi anayejulikana. Hawa huwapeleka Januari 1961. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa mwezi huo chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, Hizbu (ZNP) 9 na chama cha tatu, ZPPP, 3, na kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe wawili wa ZPPP walijiunga na ZNP na mmoja na ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana, na watu wakarudi vituoni Juni mwaka ule ule katika uchaguzi uliomwaga damu. Kura ile moja ingeanguka upande wa pili, hesabu ingekuwa 12 kwa 10. Na miaka miwili baadaye, Julai 1963, ASP ilipata karibu asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zinahesabiwa jimbo kwa jimbo, na wingi uliorundikana mahali pamoja hauvuki mpaka.

Wiki moja baada ya mgombea wa kisima alipita mpinzani wake, kijana aliyevaa kofia ya kiua, na mzee akamtupia swali lile lile la maji. Alijibu kwamba maji si kazi ya Bunge, kwamba Mwakilishi ndiye wa kuulizwa, na kwamba yeye yuko tayari kuulizwa ya Dodoma. Jirani yangu, mama anayeuza vitenge, alikuwa amesimama mlangoni. Akamuuliza kwa nini mzigo aliompelekea mwanawe Dar es Salaam ulitozwa ushuru mara ya pili. Kijana akakiri kwamba hajui ni kifungu gani kilichotumika, akamwomba kama bado anayo risiti. Mama aliingia ndani, akakawia, akarudi nayo ikiwa imekunjwa katika ncha ya kanga. Kijana aliisoma mara mbili akiwa amesimama juani, kisha akaomba ruhusa ya kuipiga picha.