Upanga kwanza, jina la mbegu baadaye: yanayosemwa vibaya kuhusu kuku wa nchi za baridi

Kila vuli swali ni lilelile kutoka kwa wafugaji wapya wa Minnesota, Maine au Manitoba, kaskazini mwa Marekani na Kanada: "Nitajie kuku asiyeona baridi." Wanataka jina moja walitafute kwenye katalogi ya wauza vifaranga, walipe, wasahau. Wengi wamefuga nyumbani Afrika Mashariki tangu utotoni, kwa hiyo hawahitaji kufundishwa kuku ni nini. Wanachohitaji ni kusahau mambo machache.

"Nikinunua mbegu iliyoandikwa 'ya baridi', nimemaliza"

Hili ndilo linalochosha kuliko yote, na ndilo linalowagharimu watu majogoo kila Januari.

Orodha za kuku wa baridi hupangwa kwa ukubwa wa mwili na wingi wa manyoya. Mwili si tatizo. Joto la kuku mzima ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya yake ya ndani yanashika hewa kama blanketi. Akiwa mkavu, ameshiba na amemaliza kunyonyoka, analala usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri bila msaada wowote. Kinachoganda ni pale pasipo na manyoya: upanga (ile nyama nyekundu juu ya kichwa), ndevu (nyama zinazoning'inia chini ya mdomo) na vidole. Basi kabla ya kuuliza jina, angalia kichwani.

Rhode Island Red yumo karibu katika kila orodha. Wengi wao wana upanga mmoja, yaani bapa moja lililosimama wima lenye meno marefu, na jogoo wa namna hiyo hufika Februari ncha zimekuwa nyeusi. Wapo pia Rhode Island Red wenye upanga wa waridi, ule mnene uliolala juu ya fuvu, nao hupita majira hayohayo salama. Kuku wa Iceland, waliokaa kwenye kisiwa chao tangu enzi za walowezi wa Kinorwe, hutokea na panga za sura tofauti ndani ya kundi moja. Leghorn, kwa mwili wake mdogo, anavumilia kuliko watu wanavyodhani, ila upanga wa jogoo wake umesimama kama bendera.

Ukitaka kuona kazi iliyofanywa kwa kuanzia kichwani, mtazame Chantecler wa Quebec. Bruda Wilfrid Châtelain, mtawa wa abasia ya Oka, alianza mwaka 1908 kuchanganya Dark Cornish, White Leghorn, Rhode Island Red, White Wyandotte na White Plymouth Rock, na mwaka 1918 akamwonyesha kuku wake hadharani: mnene, mtagaji wa majira ya baridi, upanga mdogo kama mto wa sindano na ndevu ambazo karibu huzioni. Mwaka 1921 aliingizwa kwenye viwango rasmi vya kuku vya Marekani. Sifa hizo zilichaguliwa kizazi hadi kizazi. Mwuzaji akiacha kuchagua na kuangua yai lolote linalokuja, jina linabaki na sifa zinaondoka. Hata Wyandotte wa katalogi, mbegu ya upanga wa waridi, hutoa vifaranga wa upanga mmoja kila msimu.

Kwenye uzalishaji, upanga wa waridi una mtego ambao wauzaji hawautaji. Sifa hiyo inatawala, kwa hiyo nakala moja ya kijeni inatosha kuuonyesha. Jogoo mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, huwa na mbegu dhaifu za kiume, na mayai mengi chini yake hayana uhai. Mfugaji analaumu mashine ya kutotolesha, ananunua nyingine, hali ni ileile. Dawa ni kutumia jogoo wa nakala moja. Kumpata: pandisha majike wa upanga mmoja kwa jogoo yeyote wa waridi; kila mtoto wa kiume mwenye upanga wa waridi ana nakala moja tu, maana mama hakuwa na ya kumpa. Kumpima uliyenaye: mpe majike wa upanga mmoja na uangue. Kifaranga hata mmoja akitokea na upanga mmoja, jogoo ana nakala moja. Ukiangua 8 na wote wakawa wa waridi, karibu hakika ana mbili. Kwa hiyo usiwachinje majike wote wa upanga mmoja. Weka 2 au 3. Upanga wa njegere, ule mfupi wenye safu tatu za vinundu, kama wa Buckeye wa Ohio, hauna kasoro hiyo, na ndio rahisi kwa anayeanza.

Halafu kalenda. Watu huchagua wazazi Oktoba, kuku wakiwa wamenenepa na wanang'aa, wakati baridi haijasema neno. Novemba wafunge pete za miguu na uwapime uzito. Machi wapime tena. Jogoo aliyepoteza ncha za upanga katika banda ambalo wenzake wamepona usimzalishe. Na hata ukitaka, jogoo aliyeganda upanga hula vibaya na rutuba yake hushuka kwa wiki kadhaa. Koo aliyetaga Januari bila kukonda, huyo ndiye mama. Jogoo 1 kwa majike 8 hadi 10 inatosha kwa mbegu nzito.

Angua mwishoni mwa Machi au Aprili, ili mitetea waanze kutaga Septemba na Oktoba kabla siku hazijafupika. Mayai ya kuangua yaokotwe mara 3 au 4 kwa siku, kwa sababu yai lililoganda kwenye kiota limepasuka na limekufa. Yakae nyuzi 13 hadi 16, yasizidi siku 7. Na kumbuka kwamba hewa ya nyumba inayopashwa moto wakati huo ni kavu mno: maji uliyoweka kwenye mashine kwa mazoea ya Mwanza au Mombasa hayatoshi. Pima unyevu, usikisie: asilimia 45 hadi 50, kisha 65 hadi 70 siku 3 za mwisho.

"Manyoya mengi, baridi kidogo"

Nusu kweli. Wafugaji wa nyumbani wanajua kwamba kishingo (asiye na manyoya shingoni) na kidimu (mwenye manyoya yaliyojikunja) ni kuku wa joto, na wanapindua hoja: basi mwenye manyoya hadi vidoleni ni wa theluji. Brahma ana upanga mzuri wa njegere, lakini manyoya ya miguu yake hubeba theluji na matope, yanaloa, yanaganda, na vidole vinafuata. Mweke ndani siku za theluji laini. Silkie ni mbaya zaidi: manyoya yake hayajashikana, hayamwagi maji. Pamba iliyoloa haina joto.

"Funga kila tundu, wasipigwe na baridi"

Banda lililofungwa ndilo linalogandisha panga. Kinyesi cha kuku sehemu kubwa ni maji, na kila pumzi inatoa mvuke. Usiku mmoja wa banda lisilo na njia ya juu, unakuta jalidi kwenye kioo na matone darini. Mvuke huohuo umetua kwenye panga. Ukiingia alfajiri ukasikia macho yanawasha, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, imeshapita kiasi.

Matundu yawe juu, angalau sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku waliolala, pande mbili zinazotazamana, yabaki wazi majira yote. Kadirio la kuanzia ni mita 1 ya mraba ya tundu kwa kila mita 10 za sakafu. Upepo usipite kwenye fito za kulalia. Ufito wenyewe uwe ubao wa sentimita 5 kwa 10, upande mpana ukiwa juu, ili tumbo lifunike vidole vyote. Ufito mwembamba wa mviringo ni wa nchi za joto. Maji yasiwekwe ndani usiku. Jogoo mwenye ndevu ndefu anywe kwenye chuchu ya kunyweshea au kikombe chembamba, maana ndevu zilizolowa ndizo za kwanza kuganda.

"Bila taa ya joto watakufa"

Balbu ya wati 250 juu ya maranda makavu, kwenye banda la mbao lenye vumbi la manyoya: mabanda huungua hivyo kila mwaka, na mengine huungua pamoja na nyumba. Umeme ukikatika, kuku waliozoea nyuzi 10 wanakutana na 25 chini ya sifuri ndani ya saa moja. Zaidi ya hapo, kwenye banda la joto dhaifu na imara wanafanana, na Machi huna cha kuchagua. Taa ni ya vifaranga.

"Wameacha kutaga kwa sababu ya baridi"

Ni giza. Minneapolis, Desemba 21 ina mwanga wa karibu saa 8 na dakika 45. Kuku anataka kama 14. Balbu ndogo ya LED yenye saa ya kujiwasha inatosha, na nyongeza iwekwe alfajiri, si jioni, wasije wakanaswa na giza la ghafla wakiwa chini. Kwa mitetea waliozaliwa Aprili, mwaka wa kwanza mara nyingi hawahitaji hata hilo.

"Wape mahindi, yanapasha mwili"

Chakula chochote kinachosagwa tumboni kinatoa joto. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9, chakula cha kutagia kinahitaji 16. Gramu 10 hadi 15 kwa kuku jioni hazina ubaya. Nusu ya ndoo ina.

"Paka Vaseline kwenye upanga"

Haiongezi joto wala haikaushi banda. Ukitaka kupaka, paka, lakini fungua matundu kwanza. Upanga ukishaganda usiusugue wala usiupulizie kikausha nywele. Mtenge na wenzake wakianza kuudonoa. Ncha nyeusi usiikate: inafunika nyama hai iliyo chini yake, na hudondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa.